Wakili wa umma, wakili wa kupangiwa au msaidizi wa kisheria: ubishe hodi wapi kwanza?

Asiye na pesa ya wakili huambiwa neno moja tu: "Katafute msaada wa kisheria." Anayelisema hudhani amemaliza kazi. Kumbe ndani ya neno hilo wamo watu wa aina tatu au nne, na hawafanani kwa mafunzo, kwa mipaka ya kazi wala kwa mfuko unaowalipa. Mmoja anaweza kusimama mbele ya jaji na kumhoji shahidi. Mwingine haruhusiwi kufanya hivyo, ila anaweza kumtoa ndugu yako mahabusu kabla yule wa kwanza hajalifungua jalada. Ukikosea mlango hupotezi nauli peke yake. Mashauri mengi yana ukomo wa muda, na ukomo ukishapita hata wakili hodari hubaki kukupa pole.

Ulinganisho huu ni wa yule anayetakiwa kuchagua, awe mwenye shauri mwenyewe au anayemsindikiza: ndugu, mwalimu, ofisa ustawi wa jamii, kiongozi wa dini. Msimamo wangu nautoa mapema nisije nikakuzungusha: usianze kwa kuuliza nani kasoma zaidi. Anza kwa kuuliza shauri limefika hatua gani.

Majina, maana yanachanganya

Wakili wa umma ni mwanasheria kamili aliyeajiriwa kwa mshahara na ofisi ya utetezi au bodi ya msaada wa kisheria. Kazi yake ya kila siku ni kuwatetea wasio na uwezo. Tafadhali usimchanganye na wakili wa serikali, ambaye kwenye kesi ya jinai ndiye anayekushtaki. Anayemkuta huyo kwenye korido ya mahakama na kumwagia siri za kesi yake, akidhani "wakili wa serikali" maana yake wakili wa bure, amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Wakili wa kupangiwa ana ofisi yake binafsi na wateja wake wanaolipa. Mahakama au mfuko wa msaada humkabidhi kesi yako na kumlipa yeye, ama kwa kesi nzima, ama kwa hatua, ama kwa saa.

Msaidizi wa kisheria, au paralego, si wakili. Amepata mafunzo ya wiki au miezi kadhaa, mara nyingi anaishi karibu na watu anaowahudumia, na leo katika nchi kadhaa anatambuliwa na sheria. Sierra Leone ilimweka kwenye sheria yake ya 2012, Kenya katika Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, Tanzania katika ya kwake ya 2017.

Wengine, yaani kliniki za vyuo vikuu, mawakili wa kujitolea na huduma za simu, nitawagusa kidogo tu mbele.

Wawili wenye joho: wa umma na wa kupangiwa

Mwaka 1961, huko Florida, Marekani, mtu mmoja aliyeitwa Clarence Earl Gideon alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa puli na kuiba. Aliomba wakili. Jaji akamjibu kwamba sheria ya jimbo hilo inatoa wakili wa bure kwa wanaokabiliwa na adhabu ya kifo tu. Gideon alijitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano, na kutoka gerezani akaiandikia mahakama ya juu kabisa ya nchi ombi kwa penseli. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: mtu anayeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai hawezi kupata haki bila wakili.

Hadithi hiyo husimuliwa sana na kukomea hapo. Mimi hunivutia zaidi kilichofuata. Kesi iliporudi kusikilizwa upya, mawakili wa shirika la haki za raia walijitokeza kumtetea, na Gideon akawakataa. Alimtaka wakili wa mji uleule, na jaji akampangia. Wakili huyo aliwajua watu wa pale, akamhoji shahidi mkuu mpaka ushahidi wake ukapwaya, na Agosti 1963 baraza la wazee wa mahakama likamwona Gideon hana hatia. Ushahidi ulikuwa karibu uleule wa mwanzo. Kilichobadilika ni mtu aliyekuwa akiuliza maswali.

Ukimtazama wakili wa kupangiwa kwa jicho hilo, nguvu yake inaonekana: anaweza kuwa mtu wa mahali penyewe, na kama kesi yako inahusu ardhi, uhamiaji au kodi, unaweza kupangiwa anayelijua eneo hilo hasa. Pia hana mwajiri serikalini. Uingereza ilijenga mfumo wake juu ya msingi huu tangu sheria yake ya mwaka 1949: mtu akishakubaliwa, anamwendea wakili binafsi anayemtaka mwenyewe, ilimradi wakili huyo anapokea kesi za mfuko. Uholanzi nayo inafanana na hiyo.

Udhaifu wake unaanzia kwenye namna ya kulipwa. Akilipwa kiasi kilekile kwa kesi nzima, kila saa ya ziada anayokaa na wewe inatoka mfukoni mwake. Akilipwa kwa saa, kesi hupata miguu mirefu. Sisemi mawakili hawana utu, nasema pesa husukuma. Na mfuko nao huchoka. Bodi ya msaada wa kisheria ya Afrika Kusini ilitegemea mawakili binafsi wa kulipwa kwa kesi mpaka, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, madai ya mawakili yakawa yameielemea. Ikageuza mkondo na kufungua vituo vya haki vyenye mawakili wa mshahara. Hao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi mpaka sasa, na wa kupangiwa wamebaki kuziba mapengo.

Wakili wa umma yuko mahakamani kila siku. Anamjua karani wa kumwuliza jalada, anajua hakimu fulani anataka maombi ya dhamana yaandikwe vipi, na kesi ya wizi aliyonayo leo ni ya mia ngapi sijui. Uzoefu huo hauna bei. Tatizo lake ni mrundikano. Mwaka 1973 tume moja ya kitaifa Marekani ilipendekeza kwamba wakili wa umma asizidi kesi 150 za makosa makubwa, au 400 za makosa madogo, kwa mwaka. Gawa 400 kwa siku 250 hivi za kazi: ni kesi moja na zaidi ya nusu kila siku, na hapo bado hajaugua hata mara moja. Utafiti mkubwa uliotolewa huko mwaka 2023 ukasema hata viwango hivyo vilikuwa vya juu mno.

Swali jingine ambalo washtakiwa huuliza kwa kunong'ona ni hili: huyu analipwa na hazina ileile inayomlipa polisi na mwendesha mashtaka, atanitetea kweli? Si swali la kipuuzi. Jibu linategemea ofisi yake iko chini ya nani. Brazil iliiweka ofisi ya utetezi wa umma ndani ya Katiba yake ya 1988, na baadaye, mwaka 2004, ikazipa ofisi za majimbo uhuru wa kujiendesha. Mahali ambapo ofisi ina bodi yake na bajeti yake, shaka hiyo hupungua. Pale wakili wa utetezi anapopandishwa cheo na mkubwa yuleyule anayewapandisha waendesha mashtaka, shaka ina miguu.

Kwa kesi ya jinai ya kawaida, mimi ningemchagua wakili wa umma bila kusita kama ofisi yake ipo. Ningeomba wa kupangiwa katika hali mbili. Kwanza, kama mmeshtakiwa wawili na kila mmoja anamsukumia mwenzake, kwa sababu ofisi moja haiwezi kuwatetea wote wawili kwa uaminifu, na hapo una haki ya kudai wa nje. Pili, kama shauri linahitaji utaalamu ambao ofisi haina. Kwa yeyote utakayepewa, uliza mambo mawili siku ya kwanza: tutaonana lini kabla ya tarehe ya kusikilizwa, na je, utakuja wewe mwenyewe au utamtuma mwenzako? Jibu la swali la pili hukuambia mengi kuliko cheti kilichoning'inizwa ukutani.

Msaidizi wa kisheria, na kwa nini namtetea

Watu wengi humwona kama wakili wa daraja la chini, wa kuendewa pale mwenye joho anapokosekana. Hapo ndipo makosa mengi ya kuchagua yanapoanzia.

Tazama Malawi. Mwaka 2000 wasaidizi wa kisheria walianza kuingia magerezani, katika nchi ambayo mawakili walikuwa wachache mno ukilinganisha na mahabusu. Hawakwenda kuhutubia. Waliendesha madarasa kwa maigizo: mfungwa mmoja anakuwa hakimu, mwingine mwendesha mashtaka, wa tatu anajifunza kuomba dhamana mwenyewe, kueleza hali yake na kuelewa tofauti ya kukiri kosa na kulikana. Baada ya darasa wanapekua orodha: nani muda wake wa kukaa rumande umepita kisheria, nani hana jalada, nani ana umri wa mtoto na amewekwa na watu wazima. Wanakwenda vituo vya polisi, wanakwenda mahakamani, wanawatafuta ndugu wa kumdhamini mtu.

Kazi hiyo ilifanikiwa kwa sababu ambayo vitabu vya sheria haviielezi vizuri. Sehemu kubwa ya walio mahabusu hawajakwama kwenye hoja ya kisheria. Wamekwama kwa sababu ndugu hawajui walipo, karatasi imepotea kati ya ofisi mbili, au hakuna aliyewaambia kwamba kosa lao lina dhamana. Hilo halihitaji shahada. Linahitaji miguu, daftari na mtu asiyechoka kuulizia. Mwaka 2004 wajumbe waliokutana Lilongwe walitoa azimio la kutambua mchango wa watu hawa, na Desemba 2012 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha misingi yake ya msaada wa kisheria katika jinai, ambamo wasaidizi wa kisheria wametajwa waziwazi miongoni mwa watoa huduma. Sheria ya Sierra Leone ya mwaka huohuo ilikwenda mbali zaidi, ikataka kila himaya ya chifu iwe na angalau msaidizi mmoja.

Nje ya jinai, yeye ndiye wa kwanza kumwendea kwa barua ya kudai mshahara, kwa mgogoro wa mpaka ambao haujafika mahakamani, kwa mjane anayetaka kufungua mirathi na hajui fomu ipi inatangulia.

Lakini yapo ambayo hawezi, na mwingine akizidiwa na sifa hayasemi. Hawezi kukuwakilisha mahakamani kama wakili. Siri unayomwambia, katika nchi nyingi, haina kinga ile ya mazungumzo kati ya wakili na mteja. Kwa hiyo kama umetenda jambo na unataka kulieleza lote, lieleze kwa wakili. Tena anaishi na ninyi. Kama unayegombana naye ni mwenyekiti wa eneo lenu au tajiri aliyechangia ukarabati wa ofisi yake, usimbebeshe mzigo huo, tafuta wa mbali. Na akikudai "hela kidogo ya kuongea na hakimu", ondoka. Huyo si msaidizi wa kisheria, ni dalali. Pale sheria inapotaka wasajiliwe, kama Kenya na Tanzania, kuuliza usajili wake si kumkosea heshima.

Kwa wanaopenda kuona vitu kando kwa kando:

| | Wakili wa umma | Wakili wa kupangiwa | Msaidizi wa kisheria |
|---|---|---|---|
| Kukuwakilisha mahakamani | Ndiyo | Ndiyo | Hapana |
| Siri yako | Ina kinga | Ina kinga | Mara nyingi haina |
| Anapofaa zaidi | Jinai, mashauri ya kila siku | Mgongano wa washtakiwa, utaalamu maalumu | Kabla ya kesi, mahabusu, kufuatilia ofisi |
| Hatari kubwa | Mrundikano | Malipo kumharakisha au kumchelewesha | Kuvuka mipaka yake, shinikizo la jirani |

Waliobaki

Kliniki ya chuo kikuu ina kitu ambacho mawakili hawana: muda. Mwanafunzi anayesimamiwa na mhadhiri wake anaweza kukaa na jalada lako wiki nzima. Uliza tu nani atalishika wakati wa likizo na mitihani, kwa sababu mahakama haifuati kalenda ya chuo.

Wakili wa kujitolea kutoka kampuni kubwa anafaa kwa kesi moja nzito, hasa ya kupinga sheria au kukata rufaa. Kwa jambo linalojirudia kila mwezi hatakutosha.

Huduma ya simu au kaunta ni ya kujua mambo mawili: nina siku ngapi, na niende wapi. Uholanzi imeifanya kaunta hiyo kuwa mlango wa mbele. Watu husikilizwa bure, na anayehitaji wakili hupelekwa mbele. Ukipiga, andika tarehe na jina la aliyekujibu.

Mkisukumwa mkapatane

Vituo vingi hupenda usuluhishi, na kwa mambo ya mpaka, deni au kuachana kwa amani mara nyingi huokoa miaka. Ila uliza kwanza: makubaliano haya yakisainiwa yanaweza kukatiwa rufaa? Katika mabaraza ya Lok Adalat ya India, yaliyowekwa na sheria ya 1987, uamuzi wa maelewano ni wa mwisho, hauna rufaa. Si jambo baya kama ulikubali kwa hiari ukielewa. Ni baya kama ulisaini ili mtoke ukumbini mapema.

Na kama kuna kipigo nyumbani, usikae kikao cha kupatana na anayekupiga. Kituo kinachokulazimisha kufanya hivyo, hata kama kina wakili mzuri namna gani, kikimbie.

Wanakuuliza una kiasi gani

Msaada wa umma karibu daima una vichujio viwili: kipato chako, na kama shauri lina mashiko. Cha kwanza kina mtego. Mwanamke anayedai matunzo huulizwa kipato cha nyumba nzima, anataja na cha mume, anakataliwa. Mifumo mingi haimhesabii mwombaji mali ya yule anayeshindana naye. Sema mapema kwamba mume ndiye mdaiwa. Yapo pia makundi yasiyopimwa kipato kabisa: sheria ya India huwapa haki hiyo wanawake, watoto, na walio kizuizini, bila kujali wanachopata.

Kichujio cha tatu hakitangazwi sana, nacho ni aina ya shauri. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966 unamtaja wakili wa bure kwa anayeshtakiwa kwa jinai. Madai yameachwa yakijitafutia. Mwaka 1979 Johanna Airey, aliyekuwa akitaka kutengana na mumewe kisheria, aliishinda Ireland katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyosema haki ya kufika mahakamani lazima iwe ya kweli, isiwe ya kwenye karatasi. Hata hivyo mahakama hiyo haikuahidi wakili kwa kila shauri la madai. Na kilichotolewa hurudishwa: Uingereza ilipobadili sheria yake mwaka 2012, kuanzia Aprili 2013 sehemu kubwa ya mashauri ya ndoa, madeni, ajira na mafao ya ustawi ilitoka kwenye msaada, na watu wakaonekana mahakamani wakijisemea wenyewe. Kwa hiyo kabla hujapanga foleni uliza: shauri la aina hii mnalipokea?

Tukirudi kwenye hatua

Kijana kakamatwa usiku huu: msaidizi wa kisheria au simu, sasa hivi, ajulikane yuko kituo gani, na aambiwe ana haki ya kunyamaza mpaka apate wakili. Akishasomewa shtaka la kosa kubwa, asiende mbele na msaidizi peke yake. Hapo ni wakili wa umma.

Mpangaji kapewa notisi ya kuhama: kaunta au msaidizi, siku hiyohiyo, kusoma tarehe. Ikishakuja samansi ya mahakama, wakili yeyote mwenye joho anayepatikana, hata kama si yule uliyemtamani.

Mjane na mirathi: anza na msaidizi, na ukae naye mpaka mtu mwingine apinge. Siku pingamizi likiwasilishwa, mwombe akuandikie karatasi moja yenye matukio yote na tarehe zake, uichukue pamoja na nakala za nyaraka, uende kwa wakili. Karatasi hiyo itamwokoa wakili saa mbili, na wakili mwenye mafaili mengi humsikiliza vizuri zaidi anayemwokoa saa mbili.

Mfanyakazi aliyefukuzwa: siku zake za kulalamika ni chache kuliko anavyodhani. Asisubiri wakili mzuri. Ajaze fomu ya malalamiko kwanza kwa msaada wa yeyote, kisha atafute.

Na kama wakili uliyepangiwa hakutokea siku ya kesi, usikae kimya nyuma ya ukumbi. Shauri likiitwa, simama, mwambie hakimu jina la wakili uliyepangiwa na kwamba hajafika, omba kuahirishwa, na omba iandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama kwamba umesema hivyo. Ukitoka hapo nenda siku ileile kwenye ofisi iliyokupangia, ukiwa na namba ya kesi na tarehe mpya mkononi, uombe mwingine.